Tulichelewa miezi minne kabla ya boti kuwashwa: kisa cha presha ya mimba kisiwani Pate

Mama niliyemsindikiza usiku ule alikuwa na miaka 34, mimba ya tano, wiki ya 31, watoto hai watatu. Presha yake saa tatu u nusu usiku ilikuwa 172 kwa 116. Alipona, na mwanawe akapona. Kila ninapokisimulia kisa hiki watu humsifu nahodha, huisifu boti na huzisifu sindano, na mimi nawashukuru wote walioshika mkono. Lakini wiki mbili baadaye nilikaa na kijitabu chake cha kliniki, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa, nikaona kwamba mambo yaliharibika mapema sana, mchana kweupe, mama akiwa hana hata homa, ameketi kwenye benchi akingoja zamu yake. Na mmoja wa waliompita pale kwenye benchi ni mimi.

Mwenyewe ameniruhusu niandike. Kijiji na kituo sitavitaja, na yale ambayo jirani yake angeyasoma akamjua nimeyaacha. Mimi ni muuguzi mkunga. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kisiwani Pate, kaunti ya Lamu, Kenya.

Usiku wa mwezi kumi na tano

Aliletwa na mama mkwe wake na vijana wawili. Mume ni mvuvi, alikuwa nje baharini siku ya pili na simu haipatikani. Kichwa kilikuwa kimemwanza tangu alfajiri, akapakwa mafuta ya karafuu, akalala. Adhuhuri akatapika. Baada ya Isha akamwambia mkwewe haioni taa vizuri. "Kitwa chamuuma, na mato yaona nyota," mama mkwe aliniambia mlangoni, na kabla sijafunga mkanda wa presha mkononi mwa mgonjwa akaongeza: "Sista, ni kama mara ile. Mara ile alijiuma ulimi."

Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo kisa chote. Nitayarudia.

Nilipomgusa chini ya mbavu za kulia, penye ini, alinishika mkono akausukuma. Nilipomgonga gotini kwa ubavu wa kiganja, mguu uliruka. Mkojo ulikuwa mchache na wa rangi ya chai. Mwanamke wa wiki 31 mwenye presha ya 160 kwa 110 au zaidi, kichwa kinachogonga, macho yenye ukungu na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, huyo yuko mlangoni mwa kifafa cha mimba, yaani degedege zinazoletwa na presha ya mimba. Hapo hakuna kungoja kipimo cha maabara.

Dawa ya kuzuia degedege hizo ni magnesiamu salfeti, na tulikuwa nayo. Nashukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Saa nne kasorobo nilimpa gramu 4 kwenye mshipa, polepole, zikiwa zimechanganywa na maji ya sindano hadi mililita 20, kisha gramu 5 katika kila tako pamoja na dawa kidogo ya ganzi, kwa maana sindano hiyo ya msuli inauma sana. Jumla gramu 14. Wenzangu wengi bado hudhani magnesiamu inashusha presha. Haishushi, kazi yake ni kuutuliza ubongo usiingie kwenye degedege. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa katika nchi 33 kwa wanawake wapatao 10,000, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Presha inataka dawa yake. Nilimpa nifedipini ya miligramu 10 ameze, na baada ya nusu saa nyingine. Saa tano na nusu presha ilikuwa 150 kwa 98, nikaiachia hapo, kwa sababu ukiishusha ghafla mno damu ya kwenda kwa mtoto nayo hupungua. Nikamtia mpira wa mkojo. Nikamdunga deksamethasoni miligramu 6, dozi ya kwanza kati ya nne, ya kukomaza mapafu ya mtoto, kwani nilishajua kuwa mtoto huyu hatangoja wiki ya 40.

Nahodha nilikuwa nimempigia kabla ya hapo, saa nne na ushei. Alinijibu bila kufikiri: "Sista, leo ni bamvua. Mkanda ni mkavu."

Asiyeijua Lamu inafaa aelewe hapa. Boti za kutoka Pate kwenda mji wa Lamu hupita Mkanda, mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kushoto na kulia. Maji yakijaa unapita bila wasiwasi. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, chini hubaki tope na utepe wa maji usiotosha rafadha ya mashine. Kwetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni kuelekea magharibi, na hupwa katikati ya asubuhi na kati ya saa nne na saa tano za usiku. Sisi tulikuwa saa nne na ushei. Njia nyingine ni kuzunguka nje ya Manda, bahari kuu, na ilikuwa Julai, kusi limeshika. Nahodha alikataa njia ya nje na nilimuunga mkono. Mgonjwa wa presha ya namna ile kumrusha juu ya mawimbi kwa saa nzima gizani, huwezi kumdunga, huwezi kumpima, na akipata degedege huwezi hata kumgeuza ubavu.

Tukangoja. Saa tatu karibu. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni akimsomea, kiganja juu ya paji la uso la mkwewe. Nilimuuliza kama tungoje tumpate mume. Akasema, "Mwana wa watu asinifie mikononi. Mimi natoa ruhusa, na mwanangu akirudi nitajibu mimi."

Tuliondoka saa saba. Tulimbeba kwa machela hadi mwisho wa gati, boti ikiwa imesogezwa mbali kufuata maji. Kijana mmoja alishika dripu, mwingine tochi. Tulipoingia Mkanda nahodha alizima mashine, akainua rafadha, akaanza kusukuma kwa pondo. Kukawa kimya, mbu wa mikokoni tu. Na saa nane kasorobo ndiyo ilikuwa saa ya dozi ya pili ya magnesiamu, gramu 5, kila baada ya saa 4.

Dawa hii ikizidi mwilini hulegeza misuli, na mwisho hulegeza ule msuli wa kupumua. Kwa hiyo hupigi dozi nyingine kabla ya kuuliza mambo matatu. Anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika? Zisiwe chini ya 16. Goti likigongwa, mguu unaruka? Mkojo umetoka walau mililita 30 kwa kila saa? Nililala kifudifudi karibu naye, mkono wangu juu ya kifua chake chini ya leso, macho kwenye saa, nikahesabu: 20. Nilimkunja goti juu ya mkono wangu, nikagonga. Mguu ukaruka, taratibu kuliko mwanzo. Mfuko wa mkojo niliuinua mbele ya tochi, nikasoma mstari: mililita 150 tangu nimtie mpira. Kidogo, lakini inatosha. Mfukoni nilikuwa nimeweka glukoneti ya kalsiamu, gramu 1, ndiyo kinza-sumu yake, ichomwe mshipani pumzi ikilegea. Sikuihitaji. Nikamdunga tako la kulia boti ikiwa imesimama kabisa, nahodha ameuchomeka pondo kwenye tope na kuushikilia kwa mikono miwili ili tusiyumbe. Hakuniambia kitu na mimi sikumwambia. Mgonjwa akauliza kwa sauti ndogo, "Tumefika?"

Tulifika gati ya Lamu saa nane u nusu.

Uamuzi wa alfajiri

Hospitalini Lamu damu ilipimwa. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilikuwa 88,000, na kwa kawaida hazishuki chini ya 150,000. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda zaidi ya mara mbili. Protini kwenye mkojo alama tatu. Madaktari huita hali hiyo HELLP: chembe nyekundu zinavunjika, ini linaumia, damu inapoteza uwezo wa kuganda. Tiba yake ni moja, kutoa mtoto na kondo la nyuma. Dawa nyingine zote ni za kununua muda.

Swali likawa: hapa au Mombasa? Daktari wa zamu alimpigia daktari bingwa wa uzazi aliyeko Mombasa, wakazungumza kwa muda mrefu, mimi nimesimama pembeni. Ninavyokumbuka, hoja zilikuwa hizi. Kumpasua Lamu kungewezekana. Lakini mtoto wa wiki 31 angekuja na uzito wa kilo moja na kidogo, na mapafu ambayo hayajala dawa yote; angehitaji mashine ya kumsaidia kupumua na wauguzi wa nasari usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Na mama, chembe sahani zikiendelea kushuka, angeweza kuhitaji damu nyingi na chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa upande mwingine, kumpeleka ni boti hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara kupitia Witu, Garsen, Malindi na Kilifi. Kama angekuwa ameshapata degedege, au presha imekataa kushuka, au anatokwa damu, jibu lingekuwa kumtoa mtoto pale pale. Hakuwa hivyo. Wakakubaliana atulizwe hadi kukuche, aondoke na mwanga.

Nawaunga mkono kwa uamuzi huo, na nataka niseme kwa nini, kwa maana jamaa wengi huona rufaa kama kutupiwa mzigo. Mtoto njiti husafiri salama zaidi akiwa tumboni mwa mama kuliko ndani ya ambulensi. Hilo tu. Hakuna kifaa cha kubebea mtoto kinachoshinda tumbo la mamake, maadamu tumbo lenyewe halijageuka kuwa hatari kwa wote wawili.

Tulivuka saa kumi na mbili u nusu. Kupita Garsen, saa nne kasorobo, ambulensi iliegeshwa kando ya barabara: magnesiamu tena, baada ya magoti na pumzi na mkojo, na dozi ya pili ya deksamethasoni. Saa saba mchana alikuwa kitandani Mombasa. Kesho yake asubuhi chembe sahani zilikuwa 71,000 na madaktari hawakungoja tena. Alilazwa usingizi badala ya kudungwa mgongoni, kwa sababu damu isiyoganda inaweza kuvujia kwenye uti. Mtoto wa kike, gramu 1,280. Alilia.

Wiki tano za nasari sitaziandika zote. Mama mkwe alishuka Mombasa kwa basi siku ya nne, akafundishwa kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, leso imefungwa juu, zamu yake na zamu ya mama. Njia hiyo ilianzia Bogotá nchini Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kupashia watoto joto. Bibi yule hakuhitaji historia. Alisema tu kwamba wazee wao walijua kuwa kichanga hakai mbali na kifua.

Kijitabu

Sasa niyarudie yale maneno manne. "Mara ile alijiuma ulimi."

Mimba yake ya nne, miaka mitatu nyuma, iliishia mwezi wa nane kwa mtoto kuzaliwa mfu. Nyumbani ilielezwa kuwa alipatwa na pepo: alianguka, mwili ukakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka, ulimi ukatoka damu. Akasomewa, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya za Kurani, akazinduka baadaye sana. Ukimsomea muuguzi yeyote orodha hiyo atakuambia ni kifafa cha mimba. Na mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha kali mapema, mimba yake inayofuata ni ya hatari tangu siku anapokosa hedhi, hata kama presha yake siku hiyo ni kama ya msichana.

Wiki ya 13 alikwenda kliniki yake ya kwanza, katika zahanati iliyo karibu na kwao. Alikwenda mapema. Wanawake wengi huja mwezi wa tano au wa sita, yeye alikuja wa tatu, naomba hilo lihesabiwe upande wake. Kijitabu kiliandikwa: mimba ya tano, hai watatu, mfu mmoja. Presha 100 kwa 60. Kwenye nafasi ya sababu ya kufa kwa mtoto hapakuandikwa kitu.

Wiki ya 21 alikuja kwangu. Mwandiko ni wangu. Presha 128 kwa 84, na kando yake nimeandika "kawaida". Karatasi za kupimia mkojo zilikuwa zimekwisha mwezi huo, nikaandika "hazipo". Nilikiona kile kisanduku cha mtoto mfu, na nikakipita. Siku ile kulikuwa na akina mama 40 na zaidi kwenye benchi, lakini sitaki kujificha nyuma ya foleni. Swali lenyewe lilikuwa la nusu dakika: "Ulipompoteza mwanao, ilikuwaje?" Angenijibu. Mama mkwe alikuwepo siku hiyo pia, ameketi nje.

Na 128 kwa 84 haikuwa kawaida kwake. Presha ya mjamzito wa miezi mitano kwa desturi hushuka kidogo au hukaa palepale. Ya kwake ilikuwa imepanda pointi 28 juu na 24 chini. Ni kweli kwamba kipimo cha kuita presha ni 140 kwa 90, na kupanda peke yake hakutoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Kwa mwanamke mwenye historia ile, kulitosha kunifanya nimwambie arudi baada ya wiki mbili. Nilimwambia mwezi ujao.

Alirudi wiki ya 27. Mashine ya presha ilikuwa imeharibika. Tulimpima tumbo, tukasikiliza moyo wa mtoto, tukampa vidonge vya kuongeza damu. Akaondoka. Wiki nne baadaye ndiyo usiku ule.

Katika masomo ya uzazi tunafundishwa ucheleweshaji wa aina tatu, mpangilio uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika kituoni, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ni mpangilio mzuri, na ukimpima mama huyu kwao utapata alama kwa kila mmoja: kutwa nzima na kichwa, saa tatu za kungoja maji, safari ya Mombasa. Tatizo langu nao ni kwamba huanza kuhesabu mgonjwa akiwa ameshaugua. Ukiuchukua hivyo hapa Lamu, lawama ya kwanza itamwangukia mama mkwe na mafuta yake ya karafuu, ya pili itaangukia bahari. Mama mkwe ndiye aliyefungua njia, akatoa ruhusa ambayo wengi wangengoja hadi asubuhi. Na bahari hailaumiki. Bamvua inajulikana kwa mwezi, kusi linajulikana kwa msimu, hata barabara tunaijua tabia yake: mwisho wa 2023 mafuriko yalipoikata upande wa Gamba, magari yalikwama siku nyingi. Visivyobadilika ndivyo vya kupangia mapema. Ucheleweshaji wetu ulikuwa wa wiki ya 13 na wiki ya 21.

Bingwa angefanya nini

Nimeulizwa hili na jamaa zake, kwa haki kabisa. Walidhani bingwa ni mtu wa kisu, unampelekea mgonjwa akishazidiwa.

Presha ya mimba hujitokeza baada ya wiki ya 20, lakini mbegu yake hupandwa kabla. Kondo linapojishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, mishipa ya damu ya mama pale inapaswa kupanuka iwe mipana, ipitishe damu kwa wingi na kwa upole. Kwa baadhi ya wanawake haipanuki vizuri. Kondo linakosa damu, linamwaga kemikali kwenye damu ya mama, na kemikali hizo zinajeruhi mishipa ya mwili mzima: figo zinavujisha protini, ini linauma, ubongo unavimba. Kwa hiyo dawa ya kukinga hufaa ikianzwa mapema, kondo likiwa bado linajijenga. Dawa yenyewe ni aspirini ya dozi ndogo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri miligramu 75 kwa walio katika hatari kubwa, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia miligramu 150 kila usiku, ikianzwa kati ya wiki ya 11 na ya 14, na wanawake waliopata presha kali ya kulazimisha kuzaa kabla ya wiki ya 37 wakawa asilimia 1.6, dhidi ya asilimia 4.3 kwa wale waliopewa vidonge vitupu. Pamoja nayo, kwa wanaokula chakula chenye kalsiamu kidogo, vidonge vya kalsiamu gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Hizi ni dawa za bei nafuu mno. Kidonge cha aspirini kinapatikana hadi kwenye duka la unga. (Tafadhali, asianze mtu kuzimeza kwa kusoma hapa, kuna wasiofaa kuinywa, na dozi ni ya mganga kuamua.)

Baada ya hapo, bingwa angetaka damu ya mwanzo ili ajue chembe sahani, figo na ini vilikuwaje akiwa mzima, apate cha kulinganisha. Angetaka skani ya mapema ya kuhakikisha umri wa mimba, kisha kuanzia wiki ya 26 hivi skani za kupima kama mtoto anakua, na dopla ya kitovu kuona damu inavyopita kutoka kwenye kondo. Presha kila wiki mbili, ambayo haihitaji bingwa, mimi ningeipima. Na jambo kubwa kuliko yote, bingwa angepanga tarehe na mahali. Angesema: mama huyu, kuanzia wiki ya 28, asilale tena ng'ambo ya Mkanda.

Hapo ndipo watu hunyanyuka vitini. Nani atawalea watoto? Nani atamlisha huko? Nayajibu kwa sababu nimeyasikia mara nyingi. Hapa kwetu mtu hakosi shangazi Langoni mjini Lamu, au binamu Mkomani, au mke wa ami Kisauni, Mombasa. Tunalala kwao wakati wa maulidi, wiki nzima, familia kamili. Kumpokea mjamzito miezi miwili ni zaidi ya hapo, sikatai, lakini jamaa nikiwaeleza kwa tarehe na kwa sababu hawajawahi kunikatalia. Hukataa wakiambiwa tu "mimba yako ni ya hatari" na kuachwa na hofu. Kwa asiye na jamaa, nyumba ya kungojea uzazi karibu na hospitali ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limelipendekeza kwa maeneo kama yetu, na kwa visiwa vyetu naona lingeokoa mafuta ya boti na roho za watu. Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, ufanywe kipindi hicho hicho, mtu akiwa na nafasi ya kukaa na kitambulisho chake, kwa sababu mume wa mama huyu alihangaika nao kwenye korido za Mombasa siku ambayo mkewe alikuwa kisuni.

Bingwa hahitaji kuonwa kila mwezi, wala hahitaji kuhamia Pate. Safari mbili tatu za mchana, maji yakiwa yamejaa, na namba ya simu ambayo mkunga anaweza kuipiga. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tulio vituoni, na inaanza kwa kuchagua nani wa kumpeleka: aliyepata presha au kifafa mimba iliyopita, mwenye presha au sukari au ugonjwa wa figo tangu hapo, mwenye selimundu, mwenye pacha, aliyepasuliwa, aliyempoteza mtoto bila sababu kuandikwa. Huyo wa mwisho ndiye tunayempita zaidi, kwa sababu msiba huandikwa kwa herufi mbili na mama hukaa kimya akidhani tumeshaelewa.

Tangu kisa hicho nauliza swali lile kwa kila aliyewahi kupoteza, na namuuliza mbele ya mtu aliyekuwepo siku hiyo, maana mama aliyepata degedege hakumbuki. Huulizi "ulipata kifafa?" Neno hilo linatisha, na litajibiwa hapana. Unauliza: alianguka? Alikakamaa? Alijiuma ulimi? Aliamka hajui yuko wapi? Na wakisema ni pepo sibishani nao, sina haja. Kombe halikumzuia mtu kupanda boti. Nimesafiri na wagonjwa waliokunywa kombe asubuhi na magnesiamu jioni.

Wiki ya sita

Alikuja kituoni wiki sita baada ya upasuaji, mtoto wa siku 42 akiwa na gramu 2,150 amefungwa kifuani. Presha yake 138 kwa 90, bado anakunywa dawa. Nilimweleza kwamba kwa wengine presha hurudi mahali pake ndani ya wiki 12 na kwa wengine hubaki, na kwamba akibaki nayo si kosa lake. Na kwamba hata ikirudi, apimwe kila mwaka, kwa sababu aliyepata ugonjwa huu huwa na hatari zaidi ya maradhi ya moyo na presha utu uzima. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havimfai kwa presha ile. Alichagua kijiti cha mkononi, mume akiwa amekaa pembeni yake.

Kisha nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye jalada la kijitabu, juu kabisa, kwa herufi kubwa: ALIPATA KIFAFA CHA MIMBA MIMBA YA NNE. PRESHA KALI NA HELLP MIMBA YA TANO, WIKI 31. AKISHIKA MIMBA: AONWE NA BINGWA KABLA YA WIKI YA 12. Nikaandika tarehe na jina langu.

Akaniomba nimsomee. Nikasoma. Akaniomba nisome tena, kwa sauti, mama mkwe aliyekuwa nje kwenye benchi asikie.